Umati wa Mara na ukimya wa Idsowe: picha zinapowaongoza watalii

MSAFIRI anayetoka Malindi kuelekea Lamu huiacha njia ya Garsen na Hola katika makutano ya Minjila, kisha baada ya muda mfupi huvuka Mto Tana kwenye daraja la Idsowe. Aghalabu abiria huwa wamelala. Walio macho huwa wanatazama simu zao, na ni nadra sana kumwona mmoja wao akiinua simu hiyo kuupiga picha mto mrefu kuliko yote nchini Kenya.

Ilhali si mbali na daraja hilo, katika eneo ambalo wataalamu wa ndege huliita Idsowe Kusini, pana mojawapo ya makoloni machache mno ya ndege wa majini yanayojulikana humu nchini. Mvua zinapokuwa njema na mafuriko yakajaza maziwa ya delta, korongo, yangeyange, kwarara, mnandi na domomwiko hukusanyika kwa maelfu, wakajenga matago yao juu ya miti iliyosimama majini, jamii moja ikiwa bega kwa bega na nyingine. Koloni jingine la namna hiyo lipo katika Ziwa la Matomba, papo hapo deltani.

Sasa tuvuke nchi hadi mto mwingine. Kila mwaka, kati ya Julai na Oktoba, nyumbu wanaotoka Serengeti huvuka Mto Mara, na kila mwaka magari ya watalii hujipanga kwenye kingo za mto huo mithili ya matatu kituoni. Julai 2025 picha za video zilizopigwa na mwongoza watalii mmoja kaskazini mwa Serengeti, upande wa Tanzania, zilienea duniani kote. Zilionyesha watalii walioshuka magarini na kusimama ukingoni, simu na kamera mikononi, katika njia ile ile ambayo wanyama walihitaji kupita ili wafike majini. Nyumbu waliokuwa wametembea mamia ya kilomita walikuta ukuta wa binadamu.

Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania, TANAPA, lililazimika kutoa kauli. Upande wa Kenya nako, wizara ya utalii ilikumbusha kwamba mgeni haruhusiwi kushuka garini ila mahali palipotengwa. Lakini kufikia wakati huo hasira zilikuwa zimeenea kwa njia ile ile iliyowaleta watalii mtoni, yaani mitandao ya kijamii.

Msomaji atauliza: Mara na Idsowe vinahusiana vipi? Vinahusiana kwa sababu swali ni moja. Kwa nini nchi moja, yenye mito miwili na maajabu mawili, iwe na umati unaowazuia wanyama kwenye mto mmoja, na kwenye mto wa pili asionekane hata mgeni wa kumnunulia mvuvi kikombe cha chai?

Jibu jepesi ni kuilaumu simu. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, ila halitoshi, na mwandishi wa makala haya hana budi kuanza kwa kukiri.

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuhariri habari za wengine na kuchagua picha za kuziandama. Kila ifikapo Julai, picha ya nyumbu wakirukia Mto Mara ilipofika mezani, sikuhitaji kufikiri. Niliipa nafasi. Mwaka uliofuata niliipa nafasi nyingine inayofanana nayo, na mwaka uliofuata tena. Sikumbuki hata mara moja kuuliza kama kulikuwa na picha kutoka delta ya Tana. Picha zilizotoka Tana mezani kwangu zilikuwa za mafuriko na za maziko.

Kwa hivyo msongamano wa Mara haukuanza na Instagram, programu iliyozinduliwa Oktoba 2010. Mnamo 1996 shirika la utangazaji la BBC lilianza kuonyesha kipindi cha Big Cat Diary, na simba, chui na duma wa Mara wakaingia sebuleni mwa familia za Uingereza wakiwa na majina yao kama wahusika wa tamthilia. Novemba 2006 kituo cha televisheni cha ABC cha Marekani, kikishirikiana na gazeti la USA Today, kiliorodhesha uhamaji wa nyumbu miongoni mwa maajabu saba mapya ya dunia. Siku zile wengi wetu tulishangilia. Hoteli zilishangilia zaidi.

Basi mitandao ya kijamii imebadilisha nini? Naona imebadilisha mambo mawili, na yote mawili ni makubwa.

La kwanza ni kwamba picha ya zamani ilimwambia mtu aende nchi gani. Picha ya sasa humwambia asimame wapi, saa ngapi, na aelekee upande upi. Anayeipachika huweza kuitia alama ya mahali, na mwenye kuiona akafuata ramani ya simu hadi kwenye jiwe lile lile. Isitoshe, mitambo inayochagua kitu cha kumwonyesha mtazamaji hupendelea kile ambacho tayari kimependwa na wengi. Picha iliyopendwa na watu elfu huonyeshwa watu laki, nao wakienda huko hurudi na picha ile ile. Mduara huo haupanui macho ya watu. Huyafinya.

Norway ni mfano unaotajwa sana. Kuna jabali liitwalo Trolltunga, lililochomoza juu ya ziwa kama ulimi. Mwaka 2010 waliopanda kulifikia walikadiriwa kuwa 800 hivi. Kufikia 2016 walikuwa takribani 80,000. Jabali halikubadilika wala milima iliyolizunguka haikupungua uzuri. Kilichotokea ni kwamba pembe moja ya kupigia picha iligunduliwa, na watu wakawa wanapiga foleni kwa saa nzima ili kila mmoja aonekane amesimama peke yake mahali pasipo na mtu.

Hapa kwetu si lazima kwenda mbali. Zanzibar ilipokea wageni 736,755 mwaka 2024, idadi kubwa kwa visiwa vya ukubwa ule. Waulize wageni hao walikokwenda. Watakutajia Mji Mkongwe, Nungwi, Kendwa na Paje, na picha watakazokuonyesha utadhani zimepigwa na mtu mmoja. Pemba, yenye bahari ile ile, mikarafuu na matumbawe yanayosifiwa na wapiga mbizi, hupata sehemu ndogo mno ya umati huo. Pwani ya Kenya nayo ina sehemu kama miamba ya Vuma karibu na Takaungu, ambako vijana wa mjini hufuata mawimbi waliyoyaona kwenye simu ya rafiki.

Jambo la pili limo ndani ya gari la mtalii, na halizungumzwi vya kutosha. Zamani dereva ndiye aliyejua. Mgeni alimtegemea ampeleke atakakoona ni pazuri, na dereva stadi alijivunia kumwonyesha mtu korongo au mbweha aliyepuuzwa na wenzake. Leo mgeni hupanda gari akiwa tayari ana picha simuni. Humgusa dereva bega na kumwambia, nataka hii.

Dereva hutegemea bahashishi na sifa zitakazoandikwa mtandaoni jioni ile. Akikataa kusogea ukingoni ilhali magari mengine yamesogea, mgeni atalalamika. Akisogea, amevunja kanuni. Habari za chui aliyeonekana husambazwa kwa redio na kwa makundi ya simu, na katika dakika chache mnyama mmoja amezungukwa. Tunapowalaumu madereva, na baadhi yao wanastahili lawama, tukumbuke ni nani anayeketi nyuma yao na kile alichoahidiwa kabla hajapanda ndege.

Kadhalika tusisahau kwamba umati unahitaji mahali pa kulala. Simu haikujenga kambi na hoteli zinazoizunguka hifadhi ya Mara, yenye ukubwa wa kilomita 1,510 za mraba. Zilijengwa na wawekezaji kwa vibali vilivyotolewa na binadamu. Agosti 2025, kambi ya kifahari ilipofunguliwa karibu na Mto Sand, mzozo ulifika mahakamani Narok kuhusu iwapo imekaa kwenye njia ya wanyama. Picha huwaita watu, lakini anayefungua mlango ni mwenye mamlaka ya kutoa kibali.

Je, dawa zilizojaribiwa zimefaa? Kaunti ya Narok iliongeza kiingilio. Tangu 2024 mgeni asiye mkazi hulipa dola 100 kwa siku kuanzia Januari hadi Juni, na dola 200 kuanzia Julai hadi Desemba, na tiketi yake hutumika saa kumi na mbili tu, kuanzia alfajiri hadi jioni. Ipo pia kanuni kwamba magari yasizidi matano panapoonekana mnyama.

Kuongeza bei kunaleta mapato, na sina ugomvi na mapato. Ila nina shaka kama bei peke yake hutawanya watu. Mtu aliyelipa dola 200 kwa siku moja, na ambaye tiketi yake itakufa jua likitua, hana subira ya kukaa mita mia mbili kutoka mtoni. Amenunua picha yake na ataidai. Kanuni ya magari matano nayo ni njema mahali palipo na askari wa kuhesabu magari, lakini nyumbu wanapoanza kushuka mtoni, askari huwa wachache na magari ni mengi.

Kilichofanya kazi vizuri zaidi kipo jirani tu, nje ya hifadhi yenyewe. Katika maeneo ya jamii kama Olare Motorogi, iliyoanza mwaka 2006 kwa jina la Olare Orok, Wamaasai wenye mashamba waliyaunganisha na kuyakodisha, nao hulipwa kodi iwe watalii wamekuja au hawakuja. Sharti lililowekwa ni hema moja la wageni kwa kila ekari 700. Hapo hesabu ilifanywa mwanzoni. Hata picha ya simba wa huko ikitazamwa na watu milioni kumi, vitanda ni vile vile.

Kule Japani, mji wa Fujikawaguchiko ulijaribu njia iliyochekesha wengi. Mei 2024 uliweka kizuizi kirefu kando ya barabara ili kufunika mandhari ya Mlima Fuji nyuma ya duka moja, mahali ambapo wageni walikuwa wakiziba njia na kutupa taka. Baada ya muda mfupi kizuizi kilikuwa kimetobolewa matundu ya kupitishia kamera, na miezi michache baadaye kiliondolewa. Ufilipino ilichukua hatua kali zaidi, ikakifunga kisiwa kizima cha Boracay kwa miezi sita mwaka 2018 ili kisafishwe. Wanaoishi kwa kubeba mizigo ya wageni na kuwapikia ndio walioumia zaidi katika miezi hiyo sita.

Turudi Idsowe, maana huko ndiko uamuzi bado haujafanywa.

Itakuwa kosa kudai kwamba delta ya Tana haina wageni kwa sababu tu haijapigwa picha. Zipo sababu nzito. Kwa miaka mingi serikali ya Uingereza imekuwa ikiwashauri raia wake wasisafiri kwenye sehemu za kaunti hii na ukanda wa pwani yake bila sababu ya lazima, kufuatia mashambulizi na visa vya utekaji vilivyoukumba upande wa Lamu kuanzia 2011. Mafuriko hukata barabara na kuwatenga watu wa delta kwa majuma. Na kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, mapigano baina ya Wapokomo na Waorma yaliwaua watu zaidi ya mia moja, kuanzia Riketa hadi Kilelengwani na Kipao. Jina la Tana Delta lilijulikana duniani mwaka ule, lakini si kwa ajili ya ndege.

Hata hivyo hali haikusimama. Barabara ya kutoka Garsen kupitia Witu hadi Lamu sasa ina lami. Utalii wa ndani umekua, na likizo za Desemba vijana kutoka Nairobi hushuka pwani kwa mabasi na magari ya kukodi wakitafuta mahali ambapo wenzao bado hawajafika. Vijana wa Garsen, Ngao na Kipini nao wana simu, na wanaona jinsi wenzao wa Watamu na Diani wanavyopata riziki. Kenya ilipokea wageni wa kimataifa wapatao milioni 2.4 mwaka 2024 na kuingiza shilingi bilioni 452. Kijana wa Idsowe akiuliza ni senti ngapi kati ya hizo zilizovuka daraja lake, swali lake ni la haki.

Kwa hivyo siwezi kuungana na wale wanaosema delta iachwe ilivyo, isitajwe, isipigwe picha. Aghalabu wanaosema hivyo wameshaiona wenyewe, tena kwa mashua ya kukodi. Umaskini si sera ya uhifadhi.

Tatizo ni kwamba neno umati lina maana tofauti mahali tofauti. Katika Mara, magari ishirini ni siku ya kawaida. Katika koloni la ndege wanaotaga, mashua tatu ni umati. Ndege wazima wakishtuka huruka wote kwa pamoja, wakayaacha mayai na makinda wazi juani. Jua la Garsen linajulikana. Dakika chache zatosha kuyapika mayai, na kunguru, kenge na furukombe hawahitaji kualikwa. Ndege isiyo na rubani ikipita juu ya matago kutafuta picha nzuri inaweza kufanya madhara hayo pasipo mwenye kuiendesha kujua, kwa kuwa amesimama mbali na anachokiona kwenye kioo chake ni wingu jeupe la mabawa, jambo la kupendeza mno. Picha hiyo ya mabawa ndiyo itakayopendwa kuliko zote. Na ndiyo itakayotafutwa na atakayemfuata.

Tahadhari hii si ya kubuni. Septemba 2015, katika ufuo wa Ostional nchini Costa Rica, mamia ya watu walijaa mchangani wakati kasa walipokuja kutaga. Wengine waliwasimamisha watoto wao karibu kabisa na kasa ili wapigwe picha. Kasa wengi waligeuka na kurudi baharini bila kutaga. Walinzi waliokuwa zamu walikuwa wachache mno kuweza kuwazuia. Hakuna aliyekuja ufuoni siku ile kwa nia ya kuwadhuru kasa.

Kuna suala la pili ambalo mgeni mwenye simu hawezi kulijua asipoambiwa. Kingo za Tana si mbuga tupu. Mpokomo ana shamba lake la mpunga, ndizi na maembe pale ambapo mto umeacha rutuba. Mworma na Mwardei wana malka zao, njia za kupitishia mifugo hadi majini, na wakati wa kiangazi ng'ombe wasipopita hapo hufa. Mahali panapoonekana kwenye picha kama ufuo uliotelekezwa, panapofaa kupigwa hema na kuwashwa moto, panaweza kuwa ndiyo malka yenyewe. Na wakati wa kiangazi ndipo barabara hupitika na wageni huja. Katika delta iliyozika watu kwa ajili ya malisho na maji, mgogoro wa nani alimruhusu nani kukodisha ukingo si jambo la kuachiwa mwongoza watalii na mteja wake waliokutana kwenye Facebook.

Sheria na mipango si kwamba haipo. Delta ya Tana ilitambuliwa mwaka 2012 chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, hekta 163,600. Mpango wa matumizi ya ardhi ya delta ulikamilishwa mwaka 2015 baada ya mashauriano marefu ya vijiji, na kazi hiyo ilisifiwa kwa kuwaketisha pamoja wakulima na wafugaji miaka michache tu baada ya mapigano. Sheria ya Ardhi ya Jamii ilipitishwa mwaka 2016. Kanuni za ndege zisizo na rubani zilitoka mwaka 2020 na zinadai kibali.

Ila hati hizo zilipoandikwa, hakuna aliyewaza hali ya mtu mmoja mwenye wafuasi laki tano kusimama kwenye daraja la Idsowe na kusema, jamani, njooni muone. Kaunti hujiandaa kumpokea mwekezaji, ambaye hupiga hodi, huleta barua na huchukua miaka. Video haipigi hodi. Huweza kupachikwa Ijumaa jioni na wageni wakafika Jumamosi wiki inayofuata.

Na historia ya hapa hapa inaonya dhidi ya kuweka masharti bila wenyeji. Juu zaidi mtoni, Hifadhi ya Nyani ya Mto Tana ilitangazwa mwaka 1976 kuwalinda mbega wekundu na mangabi ambao hawapatikani kwingineko duniani. Mwaka 2007 Mahakama Kuu iliamua kwamba hifadhi hiyo haikuundwa kwa kufuata sheria, baada ya wenyeji kuipinga. Miaka thelathini na mmoja ilikuwa imepita, na waliokuwa wakiishi na nyani hao walikuwa bado hawajaona faida ya kutosha kuwafanya waitetee hifadhi mahakamani. Walikwenda mahakamani kuipinga.

Nini basi kifanyike? Kwa maoni yangu, kabla ya kaunti kuchapisha bango moja la kuwaalika watalii, yafaa wazee wa Gasa wa Wapokomo na wa Matadeda wa Waorma, pamoja na vijana wenye mashua, wakubaliane kuhusu mahali pa kuonyeshwa na mahali pa kufichwa. Delta ni kubwa. Mdomo wa mto pale Kipini, ambapo maji ya kahawia ya Tana huingia kwenye buluu ya Bahari Hindi, unaweza kustahimili wageni wengi. Mikoko ya Ozi inastahimili mashua zinazokwenda polepole. Safari ya mtumbwi mchana kutwa, chakula cha samaki na wali wa mpunga wa delta, hayo hayamwangushi ndege yeyote toka kiotani. Picha zielekezwe huko kwa makusudi, maana mtambo hauchagui pazuri. Huchagua palipokwisha kupigwa picha, na wa kwanza kupiga ndiye anayechora njia.

Koloni la ndege linahitaji mambo mengine. Litazamwe kwa mbali, kwa darubini, kutoka jukwaa moja lisilosogea, na miezi ya kutaga ifungwe kabisa kwa mashua. Si ndoto. Katika Hori ya Mida, karibu na Watamu, daraja la mbao lililoning'inizwa juu ya mikoko humwezesha mgeni kuwatazama ndege bila kukanyaga tope lao, na kiingilio chake huchangia karo za wanafunzi wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke kupitia mpango wa A Rocha Kenya. Mzazi ambaye karo ya mwanawe imelipwa na ndege hawi mgumu kumzuia kijana anayetaka kurusha kamera angani.

Jambo jingine ni fedha ilipwe wapi. Ikiwa malipo yatafanywa Nairobi au Malindi kwa mwenye gari, Idsowe itabakiwa na vumbi na chupa za plastiki. Olare Motorogi ilifaulu kwa sababu mwenye shamba hulipwa kwanza. Katika delta, ambako ardhi nyingi ni ya jamii na si ya mtu mmoja mmoja, usajili chini ya sheria ya 2016 ndio utakaoamua nani wa kulipwa. Ni kazi ya kuchosha, haina picha, wala haimpi mwanasiasa jukwaa. Kwa hiyo huahirishwa.

Huenda msomaji amekwisha kuona kasoro katika makala haya. Nimelitaja koloni la Idsowe kwa jina, hadharani, huku nikionya kuhusu kutangazwa kwake. Nililiwaza hilo kabla ya kuandika. Jina hilo limo katika vitabu vya wataalamu wa ndege kwa miaka mingi na mwenye kulitafuta atalipata. Sikueleza njia ya kufika, na mhariri mwenzangu aliyependekeza tuweke ramani nilimwomba atafute picha ya daraja badala yake.

Picha ya daraja haikupatikana kwenye hifadhi yetu ya picha. Za Mto Mara zilikuwa nyingi mno.